Nairobi hadi New York: kilomita 11,840 na saa ambazo tiketi haikuhesabii

Anayekata tiketi ya Nairobi kwenda New York kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: ni mbali kiasi gani, na tutakaa angani saa ngapi. La kwanza lina jibu moja. La pili lina majibu matatu au manne, yote ya kweli, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Mmoja anaikosa ndege ya kuunganisha, mwingine anatuma gari limpokee mgeni siku ambayo si yake, mwingine anameza dawa ya presha mara mbili ndani ya saa nane. Haya tunayoyaandika ni yale ambayo kupanga safari hii mara kwa mara kumetufunza kuyahesabu kabla ya kulipa.

Tuanze na umbali. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy, ukipima mgongo wa dunia kwa njia fupi kuliko zote, ni karibu kilomita 11,840. Kwa maili za kawaida ni kama 7,355, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani na wapanga njia wanazotumia, ni kama 6,390. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukikuta namba tatu tofauti mahali patatu, usidhani kuna aliyekosea; angalia kwanza amepima kwa kipimo gani. Pointi za wasafiri wa mara kwa mara, zinapohesabiwa kwa umbali, hutumia maili za kawaida.

Njia yenyewe haionekani vizuri kwenye ramani ya ukutani. Ramani hiyo imelazwa bapa, na ukipiga mstari kwa rula utaamini ndege inakata Kongo na Nigeria, inatokea pwani ya Mauritania kisha inavuka Atlantiki kwa mshazari. Chukua tufe la darasani na uzi. Ncha moja ibane Nairobi kwa kidole gumba, nyingine ivute hadi New York mpaka uzi ukaze wenyewe. Utauona unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita kaskazini mwa Uganda, unaingia Sudan Kusini, unakwangua pembe ya kusini ya Darfur, magharibi mwa Sudan, kisha Chad, Niger, na kusini mwa Algeria unapita jirani na mji wa Tamanrasset. Nusu kamili ya safari, yaani kilomita 5,900 na ushei, inaangukia jirani na Marrakech, nchini Moroko. Baada ya hapo ndipo Atlantiki inapoanza. Uzi unapita juu ya visiwa vya Azores, unapanda kidogo hadi kusini mwa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, kisha unashuka New York.

Kwa maneno mengine, nusu ya safari hii ya ng'ambo ni nchi kavu, na sehemu kubwa ya nchi kavu hiyo ni Sahara. Wasafiri wengi huulizia bahari: itakuwaje injini moja ikizimika katikati ya maji. Ndege za injini mbili zinazovuka Atlantiki hupangiwa njia ambayo wakati wowote kuna uwanja wa kukimbilia ndani ya muda uliokubaliwa, na katika njia hii vipo: viwanja vya Moroko, vya Azores, kisha Halifax na Gander upande wa Kanada. Kwa anayepanga safari, upande wa kuangalia kwa makini ni wa bara. Anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za kawaida vita vilipolipuka Aprili 2023. Anga la Niger lilifungwa tarehe 6 Agosti 2023 baada ya mapinduzi, likafunguliwa tarehe 4 Septemba. Anga likifungwa ndege inazunguka, na kila kilomita 150 za kuzunguka ni kama dakika 10 zaidi. Mzunguko wa kilomita 600 ni dakika 40, na dakika 40 zinatosha kukufanya uifikie geti ya ndege inayofuata ukiwa unahema, mlango umeshafungwa.

Sasa muda. Dreamliner, yaani Boeing 787 inayofanya safari hii, hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa ikishatulia juu. Gawanya 11,840 kwa 900, unapata saa 13 na dakika 10. Hilo ndilo jibu utakalopewa na vikokotoo vingi vya mtandaoni, na ndilo linalopotosha kuliko yote, kwa sababu limechukulia hakuna upepo, hakuna kuzunguka, na ndege imezaliwa ikiwa tayari juu. Muda unaoandikwa kwenye ratiba ni karibu saa 15 kwenda na karibu saa 14 kurudi. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa upande wa pili, kwa hiyo ndani yake kuna foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, na kuserereka kwenye njia za uwanja wa Kennedy, ambao asubuhi una shughuli kama soko. Mashirika pia huongeza akiba kidogo. Ndege ikifika dakika 25 kabla ya muda, ni akiba hiyo haikuguswa siku hiyo.

Kwa nini kwenda kuzidi kurudi? Ni upepo, na inafaa kuufanyia hesabu mwenyewe mara moja. Katika latitudo za Moroko, Azores na New York, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Desemba hadi Februari huwa mkali kuliko miezi mingine, na moyo wake unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Chukua upepo wa wastani tu wa kilomita 100. Ukiwa unakwenda New York, ndege inakata hewa kwa 900 lakini ardhi inapita chini yake kwa 800. Kilomita 5,900 za upande wa bahari zinachukua saa 7 na dakika 22. Ukiwa unarudi, upepo uleule unakusukuma, ardhi inapita kwa 1,000, na kilomita zilezile zinachukua saa 5 na dakika 54. Tofauti ni karibu saa moja na nusu, yote imetoka kwenye nusu moja ya njia. Upande wa Afrika ya tropiki upepo wa juu huwa mpole zaidi na haubadilishi mengi. Ndiyo maana safari ya Januari kwenda New York inaweza kuchelewa na ya Julai ikawahi, ndege ni ileile na njia ni ileile.

Kuna jambo jingine linaloanzia Nairobi kwenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Mabawa yanapata cha kushikilia kidogo, na injini nazo zinavuta hewa kidogo. Njia ya kurukia ina zaidi ya kilomita 4, lakini hata hivyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ina mpaka wa uzito. Safari ya kwanza ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliporuka tarehe 28 Oktoba 2018, hesabu iliyotangazwa ilikuwa tani 85 za mafuta kila upande, marubani 4 na wahudumu 12. Tani 85 ni zaidi ya lita laki moja. Kuruka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia. Upepo wa kukabili ukitabiriwa kuwa mkali, mafuta huongezwa, na kinachoweza kupunguzwa ili uzito usipite ni mizigo au viti. Addis Ababa, iliyo juu zaidi, zaidi ya mita 2,300, hali hiyo inaonekana waziwazi: ndege za kutoka huko kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, mathalani Dublin au Lomé, na wakati wa kurudi zinapita moja kwa moja, maana Washington iko karibu na usawa wa bahari.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo penye makosa mengi. Chukua tiketi ya mfano: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Kwa saa zetu ni kuondoka saa 5:25 usiku na kufika saa 12:25 asubuhi. Macho yanaona saa 7. Tumewahi kuulizwa na watu wenye akili timamu kabisa kama ni kweli Amerika iko saa saba tu. Kila uwanja huandika saa za kwao. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo ndege inapotua saa 12:25 asubuhi kule, Nairobi ni saa 8:25 mchana. Kutoka saa 5:25 usiku hadi saa 8:25 mchana ni saa 15. Kurudi: kuondoka New York 12:25, yaani saa 6:25 mchana, kufika Nairobi 10:25 kesho yake, yaani saa 4:25 asubuhi. Macho yanaona saa 22. Toa 8, zinabaki 14.

Njia rahisi ni moja: kabla ya kufanya hesabu yoyote, geuza saa zote mbili ziwe za Nairobi, ziandike kwenye karatasi, ndipo utoe. Na ujue kwamba ile 8 haikai mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya siku hizo tofauti ni saa 7. Sisi Afrika Mashariki hatusogezi saa. Kwa hiyo ratiba hubadilika kwa saa nzima upande mmoja au mwingine, na tiketi iliyokatwa Januari kwa safari ya Aprili isomwe upya wiki mbili kabla.

Tarehe nayo ina mtego wake, na kwa wasemaji wa Kiswahili ni mkubwa zaidi. Ndege ikiandikwa kuondoka saa 00:30 Jumamosi tarehe 14, uwanjani unatakiwa Ijumaa usiku tarehe 13, saa 3:30. Ukienda Jumamosi usiku, ndege yako iliondoka usiku uliopita. Ugumu unazidi kwa kuwa mzee wa Mombasa au Unguja akisema "usiku wa Jumamosi" huenda anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi, kwa kuwa kwake siku inaanza jua linapotua; kijana wa Nairobi akisema maneno hayohayo anakusudia usiku unaofuata. Unapompa mtu ujumbe wa safari, andika "usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14", kisha ongeza: "toka nyumbani Ijumaa saa 2 usiku". Saa ya kutoka nyumbani haina tafsiri mbili.

Wanaoanzia kwingine wana kipande cha kuongeza. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama kilomita 670, Entebbe hadi Nairobi kama 520, kila kimoja ni saa moja na dakika kidogo angani. Usichukue ndege ya mwisho ya jioni inayokupa saa moja na nusu Nairobi. Ukaguzi wa wanaokwenda Marekani una hatua zaidi, ikiwemo maswali na upekuzi wa pili karibu na geti. Saa 3 ni kiasi cha kupumua. Na vipande vyote viwe kwenye tiketi moja. Ukinunua viwili mbalimbali kwa sababu vimepungua bei, cha kwanza kikichelewa, shirika la ndege ya pili halina wajibu wowote kwako.

Kuhusu kupitia kwingine badala ya kwenda moja kwa moja, pima kilomita kwanza. Nairobi hadi Amsterdam ni karibu 6,670, na Amsterdam hadi New York karibu 5,850. Jumla kama 12,500, yaani nyongeza ya kilomita 700 hivi. Kupitia Doha ni karibu 3,350 na 10,780. Jumla kama 14,100, nyongeza ya zaidi ya 2,200, ambazo ni saa mbili na nusu za kuruka. Amsterdam iko upande wa safari yako, Doha iko upande mwingine kabisa. Hata hivyo kinachoamua ni saa za kungoja. Kungoja saa 2 Doha kunaishinda Amsterdam ya kungoja saa 9. Kwa maoni yetu, mwenye mtoto mchanga, mzee wa magoti, au mtu asiyejua Kiingereza vizuri, alipe zaidi apande moja kwa moja ikiwa anaweza. Kupanda mara moja na kushuka mara moja kunaondoa nusu ya yanayoweza kuharibika.

Wengi hawaishii New York. Wanakwenda Minneapolis, Dallas, Columbus, Boston. Hapa watu wengi hukosea kwa kuamini kibandiko cha begi. Hata kama kimeandikwa mji wako wa mwisho, Marekani begi hulichukua mwenyewe uwanja wa kwanza unaotua. Mpangilio ni huu: kushuka, foleni ya uhamiaji, kungojea begi kwenye mkanda, kupita forodha nalo, kulikabidhi tena kwenye kaunta ya mizigo inayoendelea, kisha kuhamia jengo jingine na kukaguliwa upya kama ndiyo kwanza unaingia uwanjani. Maji uliyonunua Nairobi yatamwagwa hapo, na chupa ya manukato uliyopewa ndani ya ndege iingize kwenye begi kubwa kabla hujalikabidhi. Treni ndogo ya AirTrain inazunguka majengo yote ya Kennedy bila malipo. Asubuhi ndege nyingi za ng'ambo zikitua pamoja, foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kula saa nzima au zaidi. Panga saa 4 kati ya ndege hizo mbili. Chini ya 3, usikubali hata kama mashine imekuuzia.

Na soma herufi tatu za uwanja. JFK ni Kennedy, LGA ni LaGuardia, EWR ni Newark. Vyote huuzwa kwa jina la New York. LaGuardia ni mwendo wa gari kutoka Kennedy, na msongamano ukikukuta ni saa nzima. Newark iko ng'ambo ya jiji, katika jimbo la New Jersey. Tiketi inayokushusha JFK na kukupandisha EWR inataka saa 6 na nauli ya gari.

Usiku wa safari ya kwenda una urefu ambao mwili haujauzoea. Desemba, jua hutua Nairobi saa 12 na nusu jioni hivi. Ndege ya saa 5:25 usiku inalifuata giza kuelekea magharibi, inatua New York alfajiri, na jua la huko linachomoza saa 1:15 asubuhi. Ukihesabu tangu jua kutua Nairobi hadi kuliona tena, ni karibu saa 21. Kurudi ni kinyume: unapanda mchana, na saa mbili na nusu hadi tatu hivi baadaye, ukiwa juu ya Atlantiki, jua limeshatua, kisha usiku unakwisha ndani ya saa tisa hivi ukiwa juu ya Chad. Anayeswali au anayefunga aangalie dirisha na ramani ya kiti, maana saa ya mkononi haitamsaidia.

Anayetumia dawa za kila saa 12 asiguse saa yake mpaka afike. Mtu anayemeza saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, saa 1 asubuhi ya Nairobi itamkuta juu ya Moroko, nje giza totoro na wenzake wamelala. Ameze. Dozi ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari, na mwenye insulini apange na daktari wake kabla ya safari jinsi ya kuhamia saa za kule. Saa 15 za kukaa pia zinataka kunyanyuka kila saa mbili, maji ya kutosha, na soksi za kubana kwa mwenye miguu inayovimba. Kitu kimoja ni chepesi kwa watu wa Nairobi: hewa ndani ya Dreamliner hubanwa kiasi cha kimo cha mita 1,800 hivi, karibu sawa na nyumbani kwao. Wa Mombasa na Dar ndio watakaohisi kichwa kizito.

Kwa anayempokea msafiri Nairobi, usiulize "unafika lini". Uliza namba ya ndege na tarehe ya kuondoka New York, kisha ongeza siku moja. Aliyepanda Jumanne mchana anashuka Jumatano asubuhi. Ndege ikitua saa 4:25, mpe saa nzima ya uhamiaji na mizigo. Gari lifike uwanjani saa 5 na robo, na usilipie maegesho kuanzia alfajiri.